Swali la Tano

Kambi ya reli iko mbele kidogo ya Malolo:
mabati ya buluu, jenereta,
mbwa mmoja anayeitikia majina mawili.
Jumanne na Ijumaa, jua likizama,
naegesha baiskeli kwenye nguzo ya taa,
nakung'uta chaki ya mchana, naingia.

Qiu Lan ana miaka ishirini na mbili.
Chuo chake kimemtuma Tabora apime udongo wa tuta,
lakini cheti cha uhandisi hakitatoka
mpaka afaulu Kiingereza:
ufahamu, sarufi,
vile viduara vya kutia weusi kwa penseli.
Ameanguka mara mbili.
"Nikianguka tena mama hatagomba," anasema.
"Atanyamaza. Afadhali agombe."

Kiswahili chake amekiokota jikoni kwa Bi Sizya,
ndiyo maana tuta likishindiliwa vizuri kwake "limeiva,"
na sentensi ikimshinda husema,
"Mwalimu, hii bado ina mfupa."

Tulianza na kile kineno cha herufi tatu
ambacho Waingereza hukinyunyiza kama chumvi.
Kwenu kipo? Hakipo.
Na kwetu hakipo.
Tukatazamana kama watu wawili wanaodaiwa
na mtu ambaye hawakukopa kwake.
Nikamsimulia: kidato cha pili, Mwalimu Nkwabi,
fimbo nne, moja kwa kila kineno nilichosahau.
Cha tano nilikipachika pasipotakiwa,
kwa hofu.
Hofu ndiyo iliyonifundisha sarufi.

Kitenzi cha kwao hakibadiliki.
Jana, leo, kesho, kimekaa palepale kama jiwe la mpaka.
Basi nikaizunguka njia, nikapitia kwetu:
ningesoma, ningefaulu — mlango uko wazi bado.
Ningalisoma, ningalifaulu —
mlango umefungwa na ufunguo umebaki ndani.
Akaandika. Akajaribu yake:
"Ningalibaki nyumbani…"
Akasita, akaifuta kwa kidole,
akaandika nyingine, ya wali.

Karatasi ya mwaka juzi: bibi mmoja, paka, mji wa theluji.
*Mwandishi ana mtazamo gani?*
Yeye akasema B. Nami nikasema B.
Nyuma ya kitabu: C.
Nikasoma tena, na tena,
mimi na digrii yangu na miaka kumi na tisa ya ubao,
kisha nikafungua dirisha
nikasingizia joto.

Ijumaa iliyopita nilimtungia ufahamu wangu, kwa Kiswahili,
apumue.
Habari ya baba, msituni Sikonge,
mizinga kumi na mmoja juu ya miombo,
moshi, kamba ya magome, ndoo.
Kila msimu alirina kumi.
Wa kumi na moja aliupita chini yake bila kuinua uso.

Maswali matano. Manne aliyapata.
La tano:
*Kwa nini mzinga mmoja haukurinwa?*
A. Alisahau.
B. Mti ulikuwa mrefu.
C. Nyuki wake walikuwa wakali.
D. Ulikuwa mtupu.

Hakutia weusi popote.
Alichora kiduara chake mwenyewe chini ya D,
akakiandikia E, na mbele yake, kwa mwandiko wa mtoto:
*Aliwaachia wenyewe.*

Jibu langu lilikuwa A.
Nililiandika bila kufikiri, kama mtunga mitihani yeyote;
baba alikufa sijamuuliza,
na mimi ndiye niliyeshika ile ndoo.

Jenereta ikakohoa, taa zikapungua, zikarudi.
"Nimekosa?" akauliza.
Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi.
Nikaigeuza karatasi upande wa majibu,
nikaikata A yangu kwa mstari mmoja,
kisha nikarudi upande wake
nikaandika tano kwa tano.

Akahesabu. "Mwalimu, mtihani hauna E."
Kweli, nikamwambia,
huo wa mwezi ujao hauna.
Tuendelee na paka.